Soketi Hailali Imewashwa

Umeme ulirudi saa nane na dakika kumi usiku, na balbu 11 za nyumba yangu zikawaka kwa mpigo, zote kwa mwanga wa mwisho. Mama, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kutibiwa macho, alitoka chumbani kajitanda kanga akiuliza kuna nini, nani kafariki. Kwake yeye, nyumba nzima kuwaka taa usiku wa manane ni mambo mawili tu: msiba au mwizi. Nikamweleza kwamba balbu hizi zina redio ndani; zikikatiwa umeme zinasahau kwamba zilikuwa zimezimwa, ukirudi zinawaka. Akaniangalia kwa muda.

"Sasa balbu inayosahau ya kazi gani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Na kusema kweli balbu zilikuwa tatizo dogo. Asubuhi yake nilipofungua simu, kati ya vifaa 27 vya redio nilivyokuwa nimefunga ili niiendeshe nyumba kwa simu, tisa havikuonekana kabisa. Kihisi cha mlango wa jikoni kilidai mlango uko wazi tangu juzi. Swichi ya pampu ilikuwa kimya.

Pampu ndiyo iliyonitia katika mambo haya. Naishi Goba, Dar es Salaam. Maji ya bomba kwetu yanakuja kwa zamu, na yakija mara nyingi ni usiku. Tunayapokea kwenye tangi la chini, halafu tunayapandisha kwa pampu mpaka tangi la lita 2,000 lililokaa juu ya mnara wa zege nyuma ya nyumba. Mtu akisahau kuzima pampu, maji yanateremka ukutani mpaka asubuhi. Nilitaka kihisi kikae kule juu, kiseme limejaa, pampu izimike yenyewe. Fundi bomba alinishauri ninunue boya la umeme, lile linaloning'inia ndani ya tangi, tumalize kazi siku ileile. Alikuwa sahihi kabisa. Ila mimi nilikuwa nimeshatazama video nyingi mno kiasi cha kutotosheka na boya.

Nikachagua Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vidogo vya nyumbani. Vifaa vya Wi-Fi vingekuwa rahisi kufunga, lakini ruta niliyopewa pamoja na intaneti ilianza kuyumba vifaa vilipopita kumi na kitu, na kihisi cha Wi-Fi kinamaliza betri upesi. Zigbee inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4 kwa nguvu ndogo sana, kiasi kwamba kihisi cha mlango kinaweza kukaa mwaka na zaidi kwa betri moja ya kitufe. Amri nazo hazitoki nje ya nyumba; intaneti ikikatika, taa inawaka vilevile. Msimamizi wa yote ni kompyuta ndogo, Raspberry Pi 4, yenye kijiti cha redio kilichochomekwa kwenye USB. Ndani yake zinakaa programu mbili za bure: Home Assistant, inayoendesha nyumba, na Zigbee2MQTT, inayoongea na vifaa vya Zigbee.

Kilichonivutia zaidi ni ile tabia yake ya meshi. Nyumba ikishika moto kijijini na kisima kiko mbali, hakuna anayekimbia na ndoo mwanzo mpaka mwisho. Watu wanajipanga mstari, ndoo inapita mkono kwa mkono, mmoja akitoka waliobaki wanasogeleana. Kwenye Zigbee, kifaa kinachokula umeme wa ukutani, kama plagi au balbu, kinasimama kwenye mstari na kupokeza ndoo za wenzake. Vifaa vya namna hiyo nitaviita vituo. Chenye betri hakisimami mstarini. Kinalala, kinaamka, kinakabidhi ujumbe wake kwa kituo cha jirani, kinalala tena. Hilo nililisoma siku ya kwanza, nikalipita mbio kama watu wanavyopita masharti ya mkopo, na miezi sita iliyofuata nikawa nalilipa kwa riba.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua nguvu. Kijiti nilichochukua Kariakoo kinaweza kurusha mawimbi kwa milwati 100, kina na antena, na muuzaji alinihakikishia kitafika mpaka kwa jirani. Kilifika. Shida ilikuwa majibu. Muadhini mwenye kipaza sauti anasikika mtaa mzima, lakini bibi anayemwitikia kitandani kwake, muadhini hamsikii. Kihisi chenye betri ya kitufe ndiye huyo bibi: kilisikia vizuri, kikajibu, jibu likafia ukutani. Na kuta zetu si za mchezo. Nyumba ni ya tofali za saruji, ina ghorofa, kwa hiyo kati ya chini na juu kuna zege lenye nondo zilizosukwa kama chekeche. Mawimbi haya yanapata shida kwenye zege, yanarudishwa na chuma, yanamezwa na maji. Zile video nilizotazama zilipigwa kwenye nyumba za mbao na jipsamu, ambako ukuta ni kama pazia.

Sawa, nikasema, basi niongeze vituo. Hapo ndipo likaja kosa lililoniuma mfukoni.

Nilinunua swichi sita za kugusa, zile za kioo, nizibadilishe na za kawaida ukutani. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: swichi iko ukutani, ukutani kuna umeme, kwa hiyo swichi sita ni vituo sita. Fundi umeme akafungua boksi la kwanza, akamulika tochi ya simu, akaguna.

"Bosi, humu kuna laivu na ritani tu. Nyutro haijashuka."

"Iko wapi?"

"Imepita juu kwa juu, inaenda kwenye taa moja kwa moja. Nyumba nyingi ndivyo zilivyo."

Swichi ile ilihitaji nyutro, yaani waya wa kukamilisha mzunguko wa umeme. Nikarudi dukani, muuzaji akanibadilishia kwa zile zisizohitaji, na tukafunga zote sita. Swichi ya namna hii inajipatia riziki yake kwa kupitisha umeme kiduchu ndani ya balbu hata ikiwa imezimwa, kwa hiyo usiku ule taa ya korido ilibaki ikimulika kama jicho la paka. Ndani ya pakiti kulikuwa na kapasita ndogo ya kuunganishwa sambamba na taa. Mimi nilidhani ni kipuri cha akiba. Fundi alipoifunga, jicho likafumba.

Wiki nzima nilisubiri mtandao uimarike. Zigbee2MQTT inaweza kukuchorea ramani ya nani anapitia kwa nani. Kila nilipoichora, hakuna hata mstari mmoja uliopita kwenye swichi zangu mpya. Nikaja kusoma kile ambacho kilipaswa kuandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa: karibu swichi zote za aina hii, kwa kuwa umeme zinaopata ni wa kubangaiza, hazipokezi ndoo ya mtu. Zinajihesabu pamoja na vifaa vya betri. Nilikuwa nimelipia swichi sita nikapata vituo sifuri.

Aliyenitoa hapo ni fundi yuleyule. Nilipomchorea shida yangu kwenye karatasi aliniuliza swali moja: "Kama nyutro iko juu, kwa nini tusiifuate hukohuko?" Tukanunua moduli nne, kila moja ukubwa wa kiberiti, tukazifunga juu ya dari ya jipsamu, kwenye maungio ambako laivu na nyutro zote zipo. Swichi ya ukutani ikarudi kuwa ileile ya zamani, ya kubofya. Kazi yake sasa ni kuiambia moduli "washa" au "zima". Mtu akizima taa, taa inazimika kweli, ila moduli kule juu inabaki macho, inaendelea kupokeza. Ilikuwa kazi ya nusu siku, meni swichi ikiwa imeshushwa na fundi akipima kila waya kabla ya kuushika, maana yeye hamwamini mtu aliyesema "nimeshazima". Zile sita za kioo ziko kabatini, na mke wangu anajua bei yake.

Mambo ya redio yenyewe nitayapitia haraka, ingawa yalinichukua wikiendi mbili. Raspberry Pi 4 ina matundu ya USB ya bluu na meusi. Ya bluu ni USB 3, na USB 3 ikifanya kazi inapiga kelele humohumo kwenye gigahezi 2.4, Intel walilieleza jambo hili tangu 2012. Mimi nilikuwa nimechomeka diski kwenye tundu la bluu na kijiti cha redio kwenye tundu la jirani, sawa na kumkalisha mtu mwenye uziwi kidogo kando ya mashine ya kusaga. Nikahamishia kijiti kwenye tundu jeusi kwa waya wa kurefusha wa mita moja na nusu, mbali na diski na mbali na ruta. Jioni ileile vifaa vitano vilivyokuwa vikizimia viliacha. Waya ule ulinigharimu pesa ya sahani ya chipsi mayai.

La pili ni chaneli. Zigbee ina chaneli 16 katika mawimbi haya, kuanzia namba 11 hadi 26. Yangu ilikuwa 11, megahezi 2,405, kwa sababu ndivyo programu ilivyokuja. Wi-Fi yangu ilikuwa chaneli 1, ambayo kitovu chake ni megahezi 2,412 na inajitandaza megahezi kama 20. Nilikuwa nimejenga kibanda katikati ya barabara. Nikahamia chaneli 25, iliyoko megahezi 2,475, nikaifunga Wi-Fi kwenye 1 ili isijichagulie nyingine usiku nimelala. Ya 26 iko mbali zaidi na Wi-Fi, lakini kuna vifaa ambavyo hupunguza nguvu hapo au haviifikii kabisa. Vituo vilihama vyenyewe. Vingi vya betri vilibaki kwenye chaneli ya zamani vikiita bila kuitikiwa, nikaviunganisha upya kimoja kimoja, juu ya stuli, na pini ya hijabu ya mke wangu kubonyeza vile vitufe vya ndani.

Nikiwa hapo niliacha pia kuiamini ile namba ya ubora wa mawimbi, inayokwenda mpaka 255. Kihisi cha chumba cha juu kilikuwa kikionyesha 180 na bado kinapotea. Namba ile inapima hatua ya mwisho tu, kutoka kituo cha mwisho hadi kwenye kijiti. Inakwambia mtu wa mwisho mstarini ameshika ndoo vizuri. Huko kisimani maji yamemwagika kiasi gani, haisemi.

Baada ya yote hayo mchana mtandao ulikuwa mzuri. Usiku, kila usiku, ikifika saa nne na nusu hivi, ghorofa ya juu ilikatika. Asubuhi inarudi nusu nusu, saa mbili, saa tatu. Nililaumu Wi-Fi ya jirani. Nililaumu toleo jipya la programu nikarudisha la zamani. Nilianza kuandika kwenye daftari saa na dakika, siku tisa mfululizo, nikaona ni kama ratiba ya mtu anayekwenda kazini. Siku ya kumi nilishuka kunywa maji, nikamkuta Mama koridoni. Alikuwa anatembea taratibu, mkono ukipapasa ukuta kwa sababu ya macho, akifika kwenye soketi anabofya. Tik. Anasogea. Tik.

"Mama, unafanya nini?"

"Nazima soketi. Soketi hailali imewashwa, mwanangu. Shoti haipigi hodi."

Soketi zetu zina swichi juu yake, na Mama amezizima kila usiku tangu nyumba yao ivutiwe umeme. Na kuna hesabu ya Luku pia, umeme wa kulipia kabla, ambayo kwake ni ibada. Katika soketi alizopitia, tatu zilikuwa na plagi zangu za vituo, na mojawapo, iliyokuwa chini ya ngazi, ndiyo iliyobeba ghorofa nzima. Asubuhi anawasha anazohitaji: ya televisheni, ya birika. Ya ngazi haina kazi anayoijua, kwa hiyo inawashwa na yeyote atakayeona imezimwa.

Niliandika karatasi, USIZIME, nikabandika. Watoto walitii. Mama macho yake hayasomi karatasi usiku, na hata angesoma, nina hakika angezima. Nilikasirika siku mbili hivi, halafu nikaanza kuitazama nyumba yangu kwa mkono wake ule unaopapasa ukuta. Ni kitu gani hapa ndani hakizimwi na mtu yeyote, milele? Jibu lilikuwa jikoni likinguruma. Friji. Hakuna nyumba ninayoijua ambamo mtu anazima friji usiku. Soketi ya friji ni ya matundu mawili. La pili nikalichomeka kituo, kwa waya mfupi wa kurefusha ili kisikae nyuma ya lile bati la friji. Kingine nikakiunganisha na umeme wa ruta, ambayo watoto wanailinda kuliko wanavyolinda viatu vyao vya shule. Vilivyobaki vilipanda darini na zile moduli. Plagi za kwenye soketi nikaziondoa katika hesabu kabisa. Zipo, zikiwa macho zinasaidia, zikizimwa hakuna anayezitegemea.

Mama akaendelea kuzima, mimi nikaendelea kulala.

Ikabaki kukatika kwa umeme, ambako ni kama Mama kuzima soketi zote kwa mkono mmoja. Vituo vyote vinakufa kwa sekunde moja. Vihisi vya betri vinaamka, vinaita, hakuna anayeitika, vinaita tena, na kila kuita ni betri. Za milango zangu, zilizotakiwa kumaliza mwaka, ziliisha kwa miezi minne. Vingine vina ukaidi wa ajabu: vikishapoteza kituo vilichokizoea havitafuti kingine hata kama kiko hatua tatu. Vinasubiri wa zamani arudi, na usipovibonyeza kwa mkono vitasubiri mpaka kiama.

Sikutaka kuweka inveta kwa nyumba nzima kwa ajili ya vihisi. Nilichofanya ni kuchagua watu watatu wa mstari ambao hawaruhusiwi kulala. Wa kwanza ni Raspberry Pi na kijiti chake, kwenye UPS, betri ya akiba. Wawili ni vituo vidogo vinavyokula volti 5 za USB, kila kimoja kimefungwa kwenye pawabenki ya aina inayoweza kutoa umeme huku inachajiwa. Si zote zinaweza; mbili za mwanzo nilizonunua zilikuwa zinakata sekunde moja kila umeme ulipobadilika, na sekunde hiyo ndiyo yote. Kituo kimoja kiko juu ya ngazi, darini. Kingine kiko barazani, kinatazama mnara wa tangi. Halafu nikavihamishia vihisi muhimu kwa hao watatu: unafungua ruhusa ya kujiunga kupitia kituo kimoja tu, unasimama karibu nacho, unaunganisha kihisi upya.

Jumamosi moja mchana nikashusha meni swichi makusudi, nikakaa kwenye ngazi na simu kwa saa mbili. Watoto walilalamika kuhusu katuni, mke wangu aliuliza kama samaki walioko kwenye friza wamo kwenye utafiti wangu. Balbu na moduli zilipotea zote, kama ilivyotarajiwa. Vihisi 14 kati ya 16 vilibaki hewani. Nilipopandisha meni swichi sikugusa kitu, na hilo nalo nililijifunza kwa shida: umeme ukirudi, mkono unakuwasha kutaka kuanzisha upya kila kitu. Ukiacha nusu saa, vituo vinatafutana na kupanga mstari vyenyewe. Na balbu siku hizi zinarudi katika hali ziliyokuwa nayo. Kulikuwa na mpangilio mmoja wa kubadilisha, dakika mbili kwa kila balbu.

Kihisi cha tangi nilikiweka kwanza upande wa nyuma wa mnara, palipokuwa rahisi kupanda, na lita 2,000 za maji zikasimama kati yake na nyumba. Tangi likiwa tupu kiliongea vizuri. Likijaa, na hapo ndipo ninapokihitaji kiseme, kimya. Nilikihamishia upande unaotazama baraza, chini ya mdomo wa bomba la kufurika. Ni kihisi cha kawaida cha kuvuja kwa maji, tone la kwanza tu kinapiga kelele. Pampu inazimwa kupitia kontakta, swichi nzito ya umeme, kwa sababu mota ikianza inavuta umeme ambao ungeunguza plagi yoyote ya redio. Na ndiyo, boya lipo. Fundi bomba alilifunga mwezi uliopita, kwenye njia hiyohiyo ya umeme wa pampu, ili redio ikilala boya likate. Alicheka mpaka akakaa chini. Sikumkatalia.

Kilichobaki ni kihisi cha geti. Geti ni la chuma, liko mita 12 kutoka baraza, na mstari kati yao unapita juu ya mahali pa kuegesha. Siku nyingi hakina shida. Ila shemeji yangu akija, anaegesha gari lake, Noah, palepale katikati, na kihisi kinakatika mpaka aondoke. Nimewaza kuongeza kituo kwenye taa ya ukuta wa nje, na waya fundi ameshaupima. Lakini kwa sasa, simu ikiniambia geti limepotea, nampigia mke wangu kumwambia kaka yake amefika, aongeze maji kwenye wali.